Boksi la waya na mawe: miezi mitano ya kujifunza kutengeneza hereni hapa Lubumbashi

Nianze na pensi, zile koleo ndogo za kukunjia na kukatia waya, maana ndizo zilizonifanya nisijutie makuta (pesa) yangu. Ndani ya boksi la vifaa vya hereni nililoagiza zilikuwa tatu: moja ina midomo miwili ya mviringo iliyochongoka kuelekea ncha, nyingine midomo yake ni bapa, ya tatu ni ya kukatia. Mpira wa mishikio umeshaanza kuteleza, lakini nimezitumia karibu kila jioni kwa miezi mitano na midomo bado inakutana sawasawa. Ile ya kukatia inakata waya wa milimita 1 bila kuutafuna. Kama ningeuziwa pensi peke yake, ningenunua tena.

Mimi ni mshonaji, mtaa wa Kamalondo. Wanawake wakija kuchukua nguo zao za kikwembe (kitenge) huniuliza kama nina hereni za kuendana nazo, na mwaka mzima nilikuwa nawaelekeza sokoni. Nikachoka kuwaelekeza. Kuna mama mmoja hapa mjini anayekusanya oda za watu na kuagiza mizigo China. Nilimlipa dola 34 kwa boksi hilo, usafiri ukiwa humo humo, nikangoja wiki saba. Lilipofika lilikuwa na hizo pensi, mizunguko sita ya waya, shanga za mawe aina kumi na tano, pete ndogo za kuunganishia, kulabu za hereni na kijitabu cha picha. Kijitabu nimekiweka kando. Picha zake ni ndogo mno, na mkono wa anayefanya kazi unaziba kile kile unachotaka kukiona. Nilijifunza kwa video.

Kazi yote hii inasimama juu ya kitu kimoja: kitanzi. Unapitisha waya kwenye shanga, unaacha kama sentimita moja juu yake, unaukunja pembeni, halafu unauviringisha kwenye pensi ya mviringo mpaka ncha irudi ilipoanzia. Kukieleza ni rahisi. Wiki mbili za kwanza vitanzi vyangu vilikuwa kama namba 6, kila kimoja na ukubwa wake, na hereni ya kushoto ilining'inia chini kuliko ya kulia. Sababu ni umbo la ile pensi. Kwa kuwa mdomo wake umechongoka, ukishika waya karibu na ncha unapata kitanzi kidogo, ukishika karibu na mkono unapata kikubwa. Tiba yake ni kalamu ya wino. Chora mstari mwembamba kwenye mdomo wa pensi, na kila kitanzi kianzie hapo. Siku niliyochora ule mstari nilitengeneza jozi nne za hereni zinazolingana, nikazitundika kwenye uzi dirishani ili niziangalie.

Kitanzi cha kuviringisha tu kinatosha kwa hereni nyepesi. Kwa mkufu au jiwe zito kinafunguka, kwa hiyo lazima ujifunze kile cha kufunga: unaacha shingo ya milimita 2 au 3 juu ya shanga, unafanya kitanzi, halafu mkia wa waya unauzungusha shingoni mara mbili au tatu mpaka uguse shanga, ndipo unakata. Ncha iliyobaki ibanwe kwa pensi bapa, la sivyo itakwaruza shingo ya mtu. Wakati wa kukata, funika kipande kwa kidole. Vipande vya waya vinaruka kwa nguvu, na kimoja kilinigonga chini ya jicho.

Sasa waya wenyewe. Kwenye karatasi ya mzunguko iliandikwa shaba. Nilitengeneza nao pete tano, na baada ya wiki tatu rangi ya zile pete ilikuwa imebabuka, chini yake kukaonekana kitu kama sufuria. Nilimwita jirani yangu, kijana fundi umeme. Aliukwangua kwa kisu mara moja tu.

“Yaya, hii haina mukuba. Angaria ndani, iko mweupe.”

Mukuba ni shaba. Huu ulikuwa aluminiamu iliyopakwa rangi. Ningeweza kujua mapema kwa kuupima mkononi, kwa sababu shaba ni nzito mara tatu na zaidi kuliko aluminiamu, na mzunguko ule ulikuwa mwepesi kama wa plastiki. Niliumia sana. Mji huu ulijengwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Wahunzi wa kabila la Bayeke kule Bunkeya walikuwa wanavuta nyuzi za shaba na kuzifanya bangili tangu karne ya 19, na kabla yao kulikuwa na ile misalaba ya shaba iliyokuwa pesa ya wazee wetu. Nami nimekaa Katanga, nimengoja wiki saba waya wa shaba kutoka ng'ambo, na haukuwa shaba.

Hata hivyo sikuutupa. Aluminiamu ni laini, haichoshi vidole, na kwa kujifunzia vitanzi ni nzuri kabisa. Ila usimuuzie mtu.

Kwa kazi ya kweli yule kijana alinipeleka kwenye duka la vifaa vya umeme. Uliza kebo ngumu ya milimita 1.5 za mraba, ile yenye uzi mmoja ndani. Ukiimenya unapata waya wa shaba wenye unene wa karibu milimita 1.4, unaofaa bangili na fremu ya kidani. Kebo laini ya kipimo hicho hicho mara nyingi ina nyuzi 30 ndani yake, kila mmoja robo ya milimita, na hizo ndizo za kuzungushia na kufungia. Mita mbili za kila moja hazikufika bei ya sahani ya bukari (ugali) na samaki. Wauzaji wa vyuma chakavu wana shaba ya bei ndogo zaidi, lakini sinunui kwao, kwa kuwa sijui ni nguzo gani ya umeme iliyokatwa na ni mtaa gani unakaa gizani. Usichome pia plastiki ya kebo ili kuitoa. Moshi wake ni sumu, na kisu kinaimenya kwa dakika tano.

Kinachokosekana katikati ni waya wa milimita 0.8, ambao kwenye maduka ya ng'ambo unaitwa geji 20 (kadiri namba ya geji inavyopanda, waya unakuwa mwembamba). Huo ndio unaotakiwa zaidi kwa hereni, na bado naununua kwa oda. Safari hii nilidai kipande kwanza, nikakikwangua.

Shaba ina tabia yake. Ukiikunja na kuikunjua inazidi kuwa ngumu mkononi, mwisho inakatika. Nilipoteza nusu mita nzima kabla sijaelewa. Dawa yake iko jikoni. Uviringishe waya kama kata, uweke juu ya makala (makaa) ya jiko la mbabula mpaka uwe na wekundu uliofifia, wa kuonekana kivulini, kisha utumbukize katika maji. Chuma cha kisu ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu zaidi, lakini shaba inalainika, inakutii kama uzi. Hii ni kwa waya mnene tu. Nyuzi za robo milimita zinaungua na kuvunjika. Waya utatoka mweusi, na weusi huo unaondoka kwa ndimu na chumvi.

Hapo kwenye ndimu ndipo nilipoharibu kitu ambacho mpaka leo kinaniuma.

Nilikuwa nimenunua kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani, katikati ya mji kwa mzee mmoja anayechonga. Kilikuwa na umbo la tone, mistari ya kijani kibichi na kijani cheusi ikizungukana kama maji yaliyodondokewa na jiwe. Hakikuwa na tundu, kwa hiyo nilikijengea kizimba cha waya: nyuzi mbili nene pembeni, uzi mwembamba ukizifunga pamoja, juu kitanzi. Ilinichukua Jumapili nzima. Shaba nyekundu juu ya kijani kile ilipendeza kuliko chochote nilichowahi kukishona. Lakini waya ulikuwa na madoa meusi, nami nikatumbukiza kidani kizima kwenye bakuli la ndimu na chumvi, nikaenda kupika. Niliporudi shaba ilikuwa inang'aa. Jiwe lilikuwa limepauka, uso wake umekuwa kama chaki, mng'ao umekwisha.

Nilimrudishia mzee akaliona. Alilishika muda mrefu.

“Mama, hii libwe haipende ndimu hata kidogo. Wala siki. Wala manukato.”

Malakiti huzaliwa pale madini ya shaba yanapokutana na maji na hewa ya kaboni chini ya ardhi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba, na kijani chake ni cha shaba hiyo. Ni jiwe la jamii ya chokaa kwa tabia: asidi inalila. Tena ni laini, kwenye kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10 liko kati ya 3.5 na 4, wakati kwatzi, jiwe gumu linalofanana na kioo, ni 7. Hata mdomo wa pensi unalikwaruza, kwa hiyo sasa nazungushia midomo utepe wa kitambaa. Waya nausafisha na kuusuuza kabla jiwe halijaingia. Mteja namwambia alifute kwa kitambaa kikavu, alivue kabla ya kuoga. Kulikata na kulisugua namwachia mzee, ambaye hufanya kazi hiyo kwa maji na pua zimefunikwa, kwa sababu vumbi lake ni la hatari kulivuta.

Mawe ya boksi hayastahili maneno mengi. Kwatzi nyeupe na ile ya waridi ni nzuri. Ile iliyoandikwa feruzi si feruzi: nilipaka asetoni ya kucha kwenye pamba, nikaisugua, pamba ikawa ya bluu. Ni jiwe jeupe la bei ndogo lililotiwa rangi. Linapendeza bado, nami naliuza kama jiwe la rangi, kwa bei ya jiwe la rangi. Kero nyingine ni matundu: karibu theluthi moja ya shanga hazipitishi hata waya wa milimita 0.8.

Kulabu za hereni zitupe. Mdogo wangu alizivaa siku moja, masikio yakavimba na kuwasha. Nilizisogezea sumaku zikarukia. Ni chuma kilichopakwa juu, nadhani kwa nikeli. Sasa nanunua za chuma kisichoshika kutu na sijapata malalamiko. Shaba tupu nayo siiweki sikioni. Kwenye bangili na pete ninasema mapema kwamba jasho linaweza kuacha alama ya kijani kwenye ngozi, ya kuondoka kwa sabuni. Wawili waliahirisha kununua kwa sababu ya maneno hayo. Mmoja alirudi.

Kwa hiyo, kati ya dola 34, pensi, pete za kuunganishia na shanga za kwatzi zina thamani yake, labda dola 18. Kama uko Lubumbashi, tafuta pensi tatu nzuri, chukua mita mbili za kebo, mzoee mchongaji mmoja wa malakiti.

Lile tone mzee alilisugua upya kwa muda wa juma moja, akakataa malipo. Limepungua kidogo, kizimba cha zamani hakilibani tena. Nimekata waya mpya, umelainishwa na kusafishwa, uko mezani karibu na cherehani.