Viatu: kwenda Kariakoo au kuagiza Instagram?

Dukani Kariakoo unavaa miguu yote miwili, unatembea kidogo, unakunja soli kuona kama gundi inaachia pembeni. Nenda jioni, mguu ukiwa umetanuka. Na bei inapunguzika ukijua kupatana.

Instagram unaokoa nauli na msongamano, ila wengi hukwama kwenye namba: 41 ya kiatu hiki si 41 ya kile. Kanyaga karatasi, weka alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu, pima kwa rula. Sentimita 26 huangukia 41. Muuzaji apime urefu wa ndani ya kiatu. Uzidi mguu kwa karibu sentimita 1. Lipa mzigo ukifika, umeshajaribu. Kiatu cha ngozi, nenda dukani. Ndala, agiza tu.