Gitaa lenye mgongo wa bakuli: miaka 22 na Ovation yangu

Ukililaza gitaa langu kifudifudi juu ya meza, asiyelijua atadhani ni chombo cha jikoni. Mgongo wake hauna ubao. Ni bakuli jeusi, lenye vipele vidogo vya makusudi kama ganda la chungwa, na ukipitisha kiganja kutoka begani hadi kitako hukutani na kona hata moja. Hili ni gitaa la kampuni ya Ovation, aina ya Balladeer, lililotengenezwa New Hartford, Connecticut, nchini Marekani. Nimekaa nalo miaka 22. Limepitia mikono ya watu wengine kabla yangu, na sijawahi kufikiria kuliuza.

Naandika kwa sababu kiwanda chake kiliwahi kufungwa kisha kikawashwa tena, na kila jina la Ovation likitajwa kwamba linafufuliwa, watu wawili hujitokeza. Wa kwanza anauliza kwa nini mtu ahangaike kufufua gitaa la plastiki. Wa pili anakaa kimya, anaenda chumbani, anafungua boksi lake na kuliangalia. Mimi ni huyo wa pili, na ningependa kumjibu wa kwanza.

Aliyeanzisha gitaa hili hakuwa seremala. Charles Kaman alikuwa mhandisi wa helikopta, aliyefungua kampuni yake ya ndege mwaka 1945, na tangu ujana wake alikuwa mpigaji gitaa wa kuaminika. Kazi ya mtu wa helikopta, kwa sehemu kubwa, ni kupambana na mtikisiko. Mapanga yakizunguka juu, kila kitu chini yake kinataka kutetemeka hadi kilegee. Ili uuzime mtikisiko ni lazima kwanza ujue unapita wapi, unarudi wapi na unafia wapi. Kaman na mainjinia wake wakauchukua ujuzi uleule na kuupeleka upande wa pili: kwenye gitaa, mtikisiko usizimwe, uachiwe njia. Gitaa la kawaida lina pembe pale mgongo unapokutana na ubavu, na mgongo wake bapa unahitaji vijiti vya kuushikilia kwa ndani. Bakuli halina pembe hiyo wala halihitaji vijiti hivyo. Wakalifinyanga kwa faibaglasi na resini, wakaupa mchanganyiko huo jina la Lyrachord, kisha wakalifunika kwa uso wa mbao ya sprusi, mti wa jamii ya misonobari. Hayo yalikuwa katikati ya miaka ya 1960, na Balladeer ndilo lililotangulia sokoni.

Kwa hiyo anayeliita la plastiki aangalie mbele. Uso, ambao ndio unaoimba, ni mti. Kilichobadilika ni kile kinachoupokea mwimbo huo na kuurudisha nje.

Sasa sauti yenyewe. Sauti ya Balladeer si nene. Ukiwa peke yako usiku, chumba kimetulia, gitaa zuri la mbao tupu lina kifua ambacho hili halina. Nimeyapiga ya marafiki zangu na ninakubali bila ubishi. Hili lina uwazi. Kila uzi unasimama peke yake. Ukipiga nyuzi zote sita kwa pamoja bado unasikia wa tatu unasema nini na wa tano unajibu nini, na noti ikishatoka inakwenda mbali kabla ya kukatika. Mimi hupiga kwa vidole, kidole gumba kikitembea chini kwenye besi na viwili vikicheza juu, na kwa upigaji huo uwazi ni kila kitu. Besi haizibi juu. Nilipokuwa najifunza, uwazi huo ulinitesa, maana kila kosa lilisikika. Baadaye ndio ulionifundisha kupiga safi.

Ila mahali pake hasa ni jukwaani. Wapigaji wa zamani wa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, walikuwa na shida moja kubwa: bendi inacheza kwa sauti, wao wamefungwa mbele ya maikrofoni, wakisogea hatua moja sauti inapotea, na maikrofoni ikiongezwa spika zinaanza kupiga mluzi. Glen Campbell, mwimbaji wa Marekani ambaye kipindi chake cha televisheni kilianza 1969, alikuwa akilipiga Ovation mbele ya mamilioni ya watazamaji na alitaka kusikika bila kufungwa hivyo. Ovation wakatengeneza pikapu, kifaa cha kunasa mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza umeme, ya kukaa ndani ya daraja, kile kipande cha usoni kinachoshikilia nyuzi, chini ya nyuzi zenyewe, yenye vipande sita vidogo vya piezo, vinavyotoa umeme vikibanwa, kila uzi na chake, pamoja na kikuza sauti kidogo ndani ya bakuli. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida kwa sababu karibu kila gitaa kavu la jukwaani lina kitu cha namna hiyo. Wakati ule lilikuwa mlango mpya. Ndiyo maana ukitazama picha za majukwaa ya miaka ya 1970 na 1980 unayakuta mabakuli haya kila mahali: Nancy Wilson wa bendi ya Heart analo, Al Di Meola wa jazi analo, na baadaye mwimbaji Melissa Etheridge na lake la nyuzi 12.

Nakumbuka shughuli moja niliyoalikwa kusindikiza kwaya. Tulikuwa magitaa kavu matatu, ngoma, kinanda na waimbaji zaidi ya 30. Fundi mitambo alipandisha sauti ili tusikike, na wenzangu wawili wakaanza kuvuma kwenye spika, ule mvumo mzito unaofanya watu wageuke. Wakapunguzwa, wakapunguzwa tena, mwisho wakawa wanapiga kwa kuonekana tu. Mimi nilichomeka waya na nikabaki mlemle nilimokuwa. Fundi alinitazama kutoka mbali akaninyooshea dole gumba. Ile jioni ndipo nilipoelewa nimenunua nini.

Nije kwenye jambo lililonifanya nijali sana habari za kufufuliwa.

Aliyelimiliki gitaa hili kabla yangu aliacha betri ya kikuza sauti ndani kwa muda mrefu bila kulipiga. Betri ikavuja. Niliponunua lilikuwa linafanya kazi, kisha miezi michache baadaye sauti ikaanza kukwaruza na siku moja ikakata kabisa. Nililipeleka kwa fundi mzuri wa magitaa, mtu ninayemheshimu, ambaye kwa macho yangu alishabandua daraja lililovunjika na kulirudisha kama jipya. Alilipokea, akaligeuza, akabisha mgongo kwa kidole kama mtu anayepima tikiti maji, kisha akanirudishia. "Ndugu yangu, hili nitakudanganya. Mbao naijua. Hili sijui hata nianzie wapi." Wa pili akasema vilevile. Wa tatu alitaka kutoboa bakuli ili apate pa kuingilia, nikalichukua haraka nikaondoka.

Mwishowe nilifanya mwenyewe. Nililegeza nyuzi zote, nikalaza gitaa juu ya blanketi na kuingiza mkono kupitia tundu la sauti hadi kwenye kifundo. Ndani ya gitaa la kawaida unagusa mbao laini na vijiti. Humu niligusa ukuta uliopinda, mgumu na baridi, na kwa taa ndogo nikaona nyuzi za faibaglasi zimelala ndani ya resini, zimepishana kama ukili wa mkeka. Kibanio cha betri kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Nilisafisha kwa kijiti cha pamba na siki kidogo, nikakausha, nikasugua vyuma kwa msasa laini mpaka vikang'aa, nikaunga waya mmoja uliokatika. Ilinichukua Jumamosi nzima. Jioni nilipochomeka na kupiga uzi wa E wa chini, sauti ilitoka nzito na safi, nikakaa pale sakafuni nikaupiga tena na tena.

Lakini siku hiyo nilijua pia hatari iliyopo. Gitaa la kawaida haliogopi kifo cha kiwanda chake. Aliyelitengeneza anaweza kufa, kampuni ikafungwa, na bado fundi yeyote mwenye patasi na gundi ataliponya, kwa sababu limejengwa kwa njia ambayo mafundi wote wanaijua. Lenye umbo lake peke yake halina bahati hiyo. Linawategemea watu wachache, kwenye jengo moja, wanaojua uso unavyogundishwa kwenye mdomo wa bakuli na ukibanduka unarudishwaje. Watu hao wakitawanyika, gitaa linabaki yatima.

Na walitawanyika. Ovation ilikuwa imeingia mikononi mwa Fender, kampuni nyingine ya magitaa, mwaka 2008. Kaman mwenyewe alifariki 2011. Mwaka 2014 kiwanda cha New Hartford kikafungwa. Jina halikufa, maana tayari lilikuwa kwenye magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Asia, na baadhi yake ni mazuri tu kwa anayeanza. Ila kwangu mimi taa ilikuwa imezimwa. Wiki ile nilinunua kipande cha ziada cha kila kitu nilichoweza kupata, nikaweka kwenye kopo la biskuti.

Kwa hiyo iliposikika kwamba Drum Workshop, kampuni ya ngoma ya California, imelichukua jina na inarudi kuwasha kiwanda kilekile cha New Hartford, sikufurahia matangazo wala rangi mpya. Nilifurahia kusikia kwamba kazi ilianza upya mwaka 2015 na kikosi kidogo chenye watu waliokuwa pale zamani. Jina unaweza kulihamisha kwa karatasi. Ujuzi wa mkono unaohisi kwamba uso umekaa sawa kwenye bakuli haupandi ndege peke yake. Yeyote atakayelishika jina hili kuanzia sasa, hilo ndilo nitakalompimia: je, lipo benchi moja mahali fulani ambapo naweza kulipeleka gitaa langu, nikamkuta mtu atakayesema "hili nalijua"?

Mzee mmoja niliyewahi kupiga naye ana Adamas, lile kaka kubwa la ukoo huu, lililotoka 1976. Uso wake hauna mbao ya sprusi: ni tabaka jembamba la mti wa birch katikati ya tabaka mbili za nyuzi za kaboni. Tundu la katikati halipo. Kuna matundu madogo mengi juu mabegani, yamezungukwa na mapambo ya majani. Sababu yake ni nzuri sana. Ukitoboa tundu katikati, unalidhoofisha eneo ambalo nyuzi zinalivuta kuliko mahali pengine. Sogeza matundu juu, uso unabaki mzima. Nilimwomba nilijaribu. Alinipa kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, piga polepole. Hili huwa linajibu kabla hujauliza." Ilikuwa kweli. Uligusa kidogo tu, likajaa. Aliposikia habari za kiwanda kuwashwa tena alinipigia simu, jambo ambalo hafanyi kabisa, akasema tu, "Wamerudi," na tukacheka kama watoto.

Kwa anayetaka kununua, hasa lililotumika, niseme machache. Bakuli zipo za kina kirefu na za kina kifupi. Refu linatoa sauti nzuri zaidi bila umeme, fupi linakaa vizuri zaidi mwilini ukisimama na linapendeza likichomekwa. Usinunue kwa picha, lipige kwanza. Ukikaa, mgongo wa duara huteleza mapajani, hilo kila mtu atakuambia, na dawa yake ni kitambaa kizito au kuvaa mkanda hata ukiwa umekaa. Kikubwa zaidi, chunguza uso. Bakuli halijali unyevu wala ukavu, lakini mbao inajali sana: inataka kutanuka na kusinyaa, na bakuli halisogei nayo. Likikaa mahali pakavu mno, uso huweza kupasuka. Lielekeze dirishani, uangalie kwa upande kama mwanga unakatika kwenye ufa, hasa kati ya daraja na kitako. Angalia kama daraja limenyanyuka nyuma. Ingiza taa ndani uone betri. Na ulitunze na unyevu wa wastani. Mimi huweka sifongo lenye maji kidogo kwenye boksi siku za ukavu, na uso wangu bado ni mzima.

Shingo sina la kulalamikia. Imenyooka kama nilivyoikuta.

Binti yangu ameanza kujifunza. Anapenda hili kuliko gitaa dogo nililomnunulia, na ili lisiteleze nimemkatia kipande cha blanketi anachokitandika mapajani kabla hajaanza. Juzi aliingiza mkono kwenye tundu la sauti, mkono wake unapita wote kirahisi, akaniuliza mbona ndani ni baridi. Nikamwambia habari za helikopta. Akalikumbatia, akaweka sikio kwenye mgongo, akaniambia nipige uzi mmoja.