Baiskeli ya namba 28 kwenye masika ya Tanga: madigadi safi, breki taabu

Masika yakishika, Aprili na Mei, baiskeli nyingi za gia hapa Tanga huegeshwa ukumbini kusubiri jua. Tope likishaingia kwenye gia za nyuma, cheni inaruka meno, na waya uliolowa unagandia kutu ndani ya mpira wake. Ile nyeusi ya gurudumu namba 28, yenye breki za fito za chuma badala ya waya, huendelea kwenda sokoni.

Inachoshinda ni madigadi. Ni ya bati, marefu, na la mbele ukilining'inizia kipande cha tyubu kuukuu ya gari, kanzu inafika msikitini safi. Kava la cheni nalo, lile la kufunika pande zote, linazuia mchanga. Unaponunua iliyotumika, likague hilo kabla ya kutazama rangi. Wengi wamelivua eti linagonga, kumbe limepinda tu.

Breki ndiyo kasoro kubwa. Raba zinabana rimu kwa ndani, na rimu ni chuma cha kromu. Ikilowa ni sahani yenye sabuni. Ukivuta, mizunguko ya kwanza raba zinafuta maji tu, hazishiki. Basi anza kuvuta kidogo kidogo mapema, rimu ikauke, ndipo ubane. Raba ziwe karibu na rimu, milimita 2 au 3, na nati za fito zikazwe, maana hulegea zenyewe kwa mitikisiko ya mashimo. Mwenye gunia la mkaa kwenye keria ashuke mteremkoni akokote. Hili halina ufundi wa kulimaliza.

Cheni usiipake oili chafu ya gari. Ina vumbi la chuma ndani yake na inanasa mchanga. Mafuta ya cherehani nayo ni mepesi, mvua moja imeyaosha. Tumia oili mpya ya injini: tone moja kila kiungo, zungusha pedeli, subiri kidogo, kisha futa nje pakauke. Oili inatakiwa ndani ya viungo. Ya nje ni gundi ya tope.

Maji hupita pia kwenye bomba la siti na kutuama chini, kwenye gololi za ekseli ya pedeli. Ukisikia zinasaga, grisi imekwisha kazi: fungua, osha kwa mafuta ya taa, kausha, weka grisi mpya. Kwa kawaida ni gololi 11 kila upande, za robo inchi. Fundi akirudisha 10 kwa kuwa moja imepotea, mrudishe akatafute.

Pancha huzibwa bila kutoa gurudumu, raha kubwa mvuani. Ila tyubu ikauke kabisa, ipigwe msasa, na solusheni iachwe ipoteze mng'ao kabla ya kiraka. Ukibandika ikiwa mbichi, kiraka kitainuka njiani.

Tairi ndipo watu wanapoliwa hela. "28" ziko za vipimo tofauti. Ya baiskeli hii imeandikwa ubavuni 40-635, yaani upana na kipenyo cha ndani kwa milimita; zile za mitumba ya Ulaya nyingi huishia na 622, na hiyo haivaliki kwenye rimu hii hata ukiing'ang'ania kwa vijiko viwili vya kuvulia tairi. Muuzaji akikuambia 28 zote ni moja, mwambie aivalishe hapo hapo dukani.