Mji Mkongwe kwa Miguu na Mtembezaji Wako Mwenyewe: Huduma Hii Inalipa?

Anayefika Unguja akiwa na asubuhi moja tu ya kuuona Mji Mkongwe hatapata huduma bora kuliko ziara ya kibinafsi ya kutembea kwa miguu, ila kwa sharti moja: mwendo aupange mteja. Akimwachia mtembezaji apite njia ileile ya makundi, kwa kasi ileile, na kusimama kwenye maduka yaleyale ya vinyago, atakuwa amelipa bei ya juu kwa kitu ambacho wenzake wamekipata kwa bei ya chini. Kinachonunuliwa hapa ni haki ya kusimama mbele ya mlango mmoja dakika kumi, kuuliza swali la tatu na la nne, kuruka kisichokuhusu, na kugeuza njia pale unapoona kichochoro kimekuvutia.

Mji wenyewe ni mdogo. Eneo lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 lina hekta 96 hivi, na mtu anayejua njia hutoka bustani ya Forodhani, ufukweni, hadi soko la Darajani kwa robo saa au chini yake. Kwa hiyo saa za ziara haziliwi na umbali, zinaliwa na vituo. Saa tatu zinatosha vizuri. Ziara ya saa mbili italazimisha kuacha ama Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, ama mitaa ya kaskazini, na hilo lisemwe mapema, si mkiwa mmeshafika nusu ya njia. Zaidi ya saa nne, hasa mkiwa na watoto au wazee, masikio huchoka kabla ya miguu.

Anzeni saa 2 asubuhi. Jua ni sababu, lakini si kubwa sana, maana vichochoro vingi vina kivuli hadi karibu na adhuhuri. Sababu hasa ni makundi. Kuanzia saa 4 mabasi ya hoteli za pwani huanza kushusha watu, na siku ya meli kubwa ya watalii hali huwa ngumu zaidi. Ndiyo maana mpangilio uliozoeleka, wa kuanzia Forodhani, Ngome Kongwe, Shangani, kisha kumalizia Mkunazini, una kasoro: unakufikisha sehemu finyu kuliko zote katika saa yenye watu wengi kuliko zote. Omba mgeuze. Anzeni Mkunazini mapema, vukeni hadi soko la Darajani, jengo la mwaka 1904 ambalo asubuhi ndiyo lina uhai, ingieni ndani kupitia Kiponda na Malindi, rudini kwa Hurumzi, mmalizie baharini ambako upepo unapiga. Mtembezaji akikataa bila sababu ya maana, amezoea kukariri tu.

Mkunazini ndipo ubora wa mtembezaji unapojulikana. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana papo hapo. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Ndani kuna msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti wa kule Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone, na kuna nguzo fupi zilizosimamishwa juu chini, ambazo inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden. Hapo mtembezaji mzuri hunyamaza kidogo na kukuacha utazame. Nyuso zile hazifanani hata moja, na hilo huwezi kuliona ukipita mbio.

Kisha kuna vyumba vya chini. Karibu kila mtu huambiwa kwamba watumwa walirundikwa humo kabla ya mnada. Mwulize mtembezaji wako swali moja: jengo lililo juu ya vyumba hivi lilijengwa lini, na nani? Jibu ni kwamba lilijengwa na wamisionari, soko likiwa limeshafungwa, na wapo wanahistoria wasiokubali kwamba vyumba hivyo viliwahi kuwa vya watumwa. Ukatili uliofanyika pale hauna shaka yoyote, na hautegemei vyumba hivi ili uaminike. Mtembezaji anayeweza kukueleza pande zote mbili bila kutetereka ndiye anayestahili malipo yake. Anayepandisha sauti na kuongeza namba za watu waliokuwa wakiingizwa kila chumba anauza hadithi. Jambo la kujiandaa nalo: dari ni ya chini sana, hewa ni nzito, na mwenye shida ya kupumua au ya kuogopa sehemu zilizobana abaki juu tu. Hapungukiwi na mengi, kwa kuwa maonyesho ya maelezo na picha yako juu.

Milango ndiyo sehemu ya pili ya kupimia. Maelezo ya haraka ni haya: juu mraba ni wa Kiarabu, juu duara ni wa Kihindi, njumu, ile misumari mikubwa ya shaba, ni za kuzuia tembo, twendeni. Si uongo mtupu, lakini ni kidogo mno kwa ziara ya kibinafsi. Omba usimame mbele ya mlango mmoja mzuri, uonyeshwe viungo vyake kimoja kimoja. Kuna miimo miwili ya pembeni, kuna ubao wa juu uliochongwa, kuna mbao mbili za mlango wenyewe, na katikati kuna mfaa, ule mti unaofunika ufa pale mbao zinapokutana. Fuata mchongo wa miimo kuanzia chini. Mara nyingi utaanza na samaki au mawimbi, ukapanda kwa mashina na maua, na ukingoni kabisa ukakuta mnyororo. Kwenye ubao wa juu huenda pana aya ya Kurani au mwaka wa Hijria, na mtembezaji anayejua kuusoma atakugeuzia uwe wa Miladi palepale. Njumu asili yake ni India. Unguja hakukuwa na tembo wa kuvunja mlango wa mtu, hivyo hapa zilikuwa pambo na dalili ya uwezo wa mwenye nyumba.

Tena tazama ukuta unaouzunguka mlango. Milango ya Mji Mkongwe imehamishwa, imeuzwa, na mingine imechongwa juzi juzi kwa ajili ya hoteli. Plasta mpya pembezoni mwa miimo, au mlango usiolingana na upana wa tundu lake, ni dalili kwamba ulitoka kwingine. Mchongo mpya huwa na kingo kali, wakati ule wa zamani umelainika zaidi pale mikono inapogusa kila siku. Maelezo kama haya hayatolewi kwenye kundi la watu 20, kwa sababu watu wa nyuma hawaoni na hawasikii.

Omba pia kuonyeshwa nyumba moja iliyobomoka, ingawa watembezaji wengi huzikwepa kwa kuona aibu. Ukuta uliopasuka hufundisha kuliko uliopakwa rangi. Utaona mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na safu ya matundu yalipoingia boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba: kwa kawaida mita tatu hivi na si zaidi, hivyo vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu hata kwa tajiri. Boriti huanza kuoza ile ncha iliyo ndani ya ukuta, mahali maji ya mvua yanapoingia na kukaa. Ukiona ukuta wa zamani umepigwa sementi, tazama chini karibu na ardhi. Chokaa hupitisha unyevu utoke, sementi huuzuia, na matokeo yake plasta huvimba na kubanduka na vipande vya jiwe. Ukishaelewa hivi unaanza kuusoma mji mwenyewe, nyumba kwa nyumba, bila kuambiwa.

Shangani na ukingo wa bahari vipitwe haraka zaidi. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno, na inatosha kuingia uani na kutoka. Jumba la kifalme la Beit el Ajaib, la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo ratiba inayokuahidi kupanda ghorofani ihakikishe kwanza, isije ikawa imenakiliwa kutoka tangazo la zamani. Hapo nje ndipo pazuri pa kusimulia vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, vilivyodumu chini ya saa moja: simama ukiipa mgongo bahari, uone jinsi majumba ya kifalme yalivyokuwa wazi mbele ya mizinga ya meli. Kuhusu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ipo makumbusho yake Shangani, na mwenye kumpenda akalipie kiingilio. Asiyehusika naye aseme tu, aokoe muda. Mabafu ya Hamamni, ya enzi za Sultani Barghash, ni madogo na yana utulivu, na yanafaa kama pumziko katikati ya njia. Msikiti wa Malindi wenye mnara wa umbo la pia hutazamwa kwa nje.

Sasa makubaliano, maana ugomvi mwingi huzaliwa hapa. Mtembeza watalii halali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na haoni vibaya kukionyesha. Papasi, yaani watembezaji wasio rasmi, wanaokudaka bandarini au Forodhani huanza kwa kukusindikiza bure, na dai la pesa huja mwishoni. Kabla ya kutoka, andikianeni kwenye simu mambo machache: saa ya kuanza na kumaliza, mahali pa kukutana, idadi ya watu, kama bei ni ya ziara nzima au ya kila kichwa, na kama viingilio vimo ndani. Mara nyingi havimo. Raia na wakazi hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje, basi chukueni vitambulisho. Aliyeagiza kupitia programu ya simu akumbuke kwamba 09:00 ni saa 3 asubuhi, na asiandike ‘saa 9’ katika ujumbe wake kwa mtembezaji.

Jambo la maduka lisemwe wazi. Maduka mengi ya vinyago, viungo na vito humpa mtembezaji kamisheni, na kila duka moja hula dakika kama 20. Ukisema tangu mwanzo, kwa heshima, ‘leo hatuingii dukani’, atakuelewa. Ukinyamaza, ziara ya saa tatu itabaki mbili.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wageni wengi hawana, na inasikitisha kuona wengi wakiitupa. Agiza ziara kwa Kiswahili. Maelezo ya Kiingereza au Kiitaliano mtembezaji ameyarudia mpaka yamekuwa kaseti. Kwa Kiswahili inabidi azungumze, na hapo ndipo anapokumbuka nani alikaa nyumba gani na duka lilikuwa la nani. Zaidi ya hapo, wazee waliokaa barazani hujibu salamu, husahihisha tarehe, huongeza jambo. Toa shikamoo kwanza, swali lifuate. Mtembezaji mwenye kufahamiana na watu wa mtaa anaweza kupiga hodi na kukuombea uone ua wa ndani wa nyumba. Hilo haliuzwi kwenye ratiba, na lisidaiwe.

Mavazi yafunike mabega na magoti. Picha za watu ziombwe, hasa za kina mama na watoto. Ijumaa, kuanzia saa 6 mchana, vichochoro vya karibu na misikiti hujaa na maduka mengi hufungwa, kwa hiyo ziara ya siku hiyo iishe kabla. Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, na panga kupumzika mahali pa ndani. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji hutuama kwenye vichochoro na sakafu huteleza, basi viatu viwe vya kufunga na soli yenye meno. Kiti cha magurudumu hupita kwa taabu, kwa sababu ya ngazi, vizingiti virefu na mifuniko ya mifereji isiyo sawa. Afadhali wenye hali hiyo wapangiwe njia fupi ya Forodhani na Mkunazini, wafikishwe kila upande kwa gari. Na bodaboda na vespa hupita hata pale unapodhani hazipiti. Ukisikia honi, bana ukutani.

Mtu anaweza kutembea peke yake? Anaweza. Ramani ya simu hubabaika katikati ya kuta ndefu, lakini kupotea Mji Mkongwe hakuna hatari mchana, kwani mwishowe utatokea baharini au barabara ya Darajani. Kwa mtu mmoja ziara ya kibinafsi ni ghali, na mwenye bajeti ndogo ajiunge na kundi dogo lisilozidi watu sita. Kwa familia ya watu wanne, gharama ikigawanywa, tofauti na kundi hubaki ndogo mno kuhesabika.

Wapo wanaopenda ziara ya jioni, ya kuanzia saa 10. Mwanga wa saa hizo ni mzuri kwa picha za baharini, ila Mkunazini hufanywa mbiombio kabla ya kufungwa na michongo ya milango hupotea kwenye giza la vichochoro. Faida yake halisi ni kumalizikia Forodhani magharibi, vibanda vya chakula vikiwa vinawashwa. Vibanda hivyo ni vya jioni tu, hivyo ukiona ratiba ya asubuhi imeandika ‘kuonja vyakula vya Forodhani’, muulize mwenye ziara anamaanisha wapi kabla hujatoa malipo ya awali.