Tathmini ya Saa ya Casio F-91W kwa Anayeanza Mbio za Mita 800

Saa ya Casio F-91W iliingia sokoni mwaka 1989, na hadi leo ni nadra kupita mbele ya meza za wauza saa wa Kariakoo usiione. Wengi huinunua ili wasichelewe kazini. Hapa naitathmini kwa kazi moja tu, nayo ni kumsaidia mtu anayeanza mbio kupunguza muda wake katika mita 800, yaani mizunguko miwili ya uwanja. Kwa kazi hiyo naiona inatosha, na naipendekeza mbele ya saa za setilaiti ambazo bei yake inaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima.

Saa ya setilaiti hukadiria umbali, na makadirio hayo huweza kupotoka kwa mita kadhaa. Kwa anayekimbia kilomita 10 upotofu huo si kitu, lakini kwa anayerudia vipande vya mita 200 unatosha kuharibu hesabu yote. Uwanja wa riadha umekwisha kupimwa: mzunguko wa njia ya kwanza ni mita 400, na kadiri unavyosogea nje ndivyo mzunguko unavyorefuka, hata anayeshika njia ya nane kutwa nzima huwa anakimbia kiasi cha mita 453 huku akijilaumu kwamba ni mzito. Asiye na uwanja wa riadha anaweza kuzunguka uwanja wa mpira, ambao ukiwa na vipimo vya mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346. Viwanja vyetu vya mitaani, hata hivyo, mara nyingi vilichorwa kwa kukisia, kwa hiyo aje na futikamba kwanza. Umbali ukishajulikana, kinachobaki ni kupima muda, na hiyo ndiyo kazi ya saa hii.

Matumizi yake hayahitaji kitabu cha maelezo. Kitufe cha chini kushoto ukikibonyeza mara mbili, ukapita kengele, unafika kwenye kipima muda; kitufe cha kulia huanzisha na kusimamisha; na kitufe cha juu kushoto, ambacho wengi hudhani ni cha taa tu, husimamisha tarakimu kwenye kioo ili usome muda wa mzunguko wa kwanza wakati saa yenyewe ikiendelea kuhesabu ndani kwa ndani. Ukikibonyeza tena, tarakimu hurudi kwenye muda unaoendelea. Tatizo ni kwamba anayevaa saa mkono wa kushoto hulazimika kupeleka mkono wa kulia mbele ya kifua ili akifikie kitufe hicho, na kwa hatua mbili tatu mikono huacha kupiga sawasawa na miguu. Ni afadhali saa ishikwe na mwenzako anayesimama kwenye mstari. Usipompata, ivue uishike kiganjani, kidole gumba kikiwa tayari juu ya kitufe.

Kioo huonyesha dakika na sekunde kwa tarakimu kubwa, na sehemu za mia za sekunde kwa tarakimu ndogo pembeni. Hizo ndogo zisikushughulishe. Kanuni za riadha zenyewe haziuamini mkono wa binadamu kiasi hicho: muda uliopimwa kwa mkono hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, hivyo 2:41.32 huandikwa 2:41.4. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, rekodi iliyotambuliwa ilikuwa 3:32.2, na hakuna aliyeiona pungufu. Kwa sababu hiyohiyo siishauri saa hii kwa anayetaka kujipima katika mita 100. Katika umbali huo, kuchelewa kwa kidole kubonyeza huleta tofauti ambayo kwa desturi hukadiriwa kuwa sekunde 0.24 dhidi ya mitambo ya kielektroniki, na huenda hiyo ndiyo nafuu yote ambayo mwanafunzi angeipata kwa mazoezi ya muda mrefu. Katika mita 800 kosa hilo humezwa na dakika tatu za kukimbia, mradi tu apimaye awe yuleyule na abonyeze kwa namna ileile.

Faida kubwa ya saa hii iko kwenye muda wa mzunguko wa kwanza. Tuseme mwanafunzi anamaliza kwa 3:20, na saa inaonyesha kwamba alipita mstari kwa 1:28. Maana yake mzunguko wa pili ulimchukua 1:52, tofauti ya sekunde 24. Mtu huyu hana upungufu wa mbio, ana pupa. Hata David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia ya 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, mzunguko wake wa kwanza ulikuwa 49.28 na wa pili 51.63, tofauti isiyofika sekunde mbili na nusu. Mwanafunzi wetu akiazimia 3:12, anatakiwa kupita kila mita 200 kwa sekunde 48. Baada ya kupasha misuli joto, na akimbie mita 200 mara sita kwa muda huo, akitembea mita 200 nyingine kati ya kipande na kipande. Akimaliza cha kwanza kwa sekunde 42 hajafanya vizuri. Amekosea kama aliyemaliza kwa 54. Zoezi hili mara moja kwa wiki, pamoja na siku mbili za kukimbia polepole, linatosha kwa kuanzia, na kujipima mita 800 kamili kusizidi mara moja kwa mwezi.

Upungufu upo. Saa haihifadhi muda wa mizunguko, kwa hiyo daftari ni la lazima. Haina kipima muda cha kurudi nyuma ambacho kingekuambia mapumziko yamekwisha. Taa yake ni hafifu na huangaza upande mmoja tu, jambo linalowasumbua wanaofanya mazoezi kabla ya alfajiri. Kikomo cha kuhesabu muda ni dakika 59 na sekunde 59, ingawa hicho hakimhusu mkimbiaji wa mizunguko miwili.

Kuhusu usahihi, kiwanda kinataja kupotoka kwa hadi sekunde 30 kwa mwezi, yaani kama sekunde moja kwa siku, kiasi ambacho ndani ya dakika tatu hakionekani kabisa. Ahadi hiyo haizihusu saa bandia, ambazo zimejaa. Ukibana kitufe cha kulia kwa sekunde tatu, saa halisi huandika jina la kampuni kwenye kioo. Nyingine bandia nazo zimeiga hilo, basi tazama pia uzito wa mkanda na ukali wa maandishi, kisha uiache ikihesabu sambamba na simu kwa nusu saa kabla hujalipa. Betri yake ni CR2016, nayo hukaa kiasi cha miaka saba. Siku ya kuibadilisha, mwambie fundi asiupoteze mpira mwembamba wa kuzuia maji unaokaa chini ya kifuniko, maana jasho la mazoezi litaingia hapohapo.