Uzoefu wangu: kulala na kujifunza katika Msitu wa Kakamega

Kama una watoto wa shule na unaishi Kisumu, Nakuru au popote huku upande wa magharibi wa Kenya, wapeleke Msitu wa Kakamega kabla ya kuwaza safari za mbali. Sisi tulikaa katika kituo kimoja cha mapumziko na mafunzo upande wa Isecheno, ambapo mgeni analala kando ya msitu na kufundishwa na watu waliozaliwa papo hapo. Nitaeleza yote, lakini jambo lililonifurahisha kupita mengine ni muongozaji tuliyepewa.

Kufika si kazi. Kutoka Kisumu unapanda matatu ya Kakamega, unapita Majengo, Mbale na Chavakali, unashuka Khayega, kisha bodaboda inakupeleka kupitia Shinyalu. Vyumba ni vya kawaida: nyumba za duara zilizoezekwa nyasi, vyandarua vizima, taa za sola, maji ya moto kwa ndoo. Pasafi. Jioni tulikula ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji na mrenda, na hakuna aliyeacha kitu kwenye sahani.

Sasa msitu wenyewe. Haya ndiyo mabaki ya mwisho, upande wa mashariki, ya ule msitu mkubwa wa mvua ambao zamani ulianzia Afrika ya Magharibi na kupita Kongo. Mvua hapa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na siku zetu nyingi ilianza kunyesha alasiri, kwa hiyo matembezi tuliyafanya asubuhi na mapema. Muongozaji wetu, mzee mpole wa Kiisukha (Waluhya wa hapa), hakuwa na haraka hata kidogo. Kila baada ya hatua chache ananiambia, “Mama, simama kwanza,” kisha anaonyesha kitu ambacho mimi peke yangu ningekipita.

Alitusimamisha kwa muda mrefu penye mti wanaouita mutoto, wa jamii ya mikuyu. Mbegu yake huachwa na ndege juu kwenye tagaa la mti mwingine, ikaota huko huko. Kutoka juu inateremsha mizizi hadi ardhini, mizizi inanenepa, inashikana, inaukumbatia mti uliouhifadhi mpaka mti ule unakufa na kuoza. Kinachobaki ni mutoto umesimama wenyewe, ndani mtupu. Watoto wangu waliingia humo, wakainua macho, wakaona mwanga ukipenya kwenye matundu hadi juu kabisa. Maswali waliyouliza pale mzee aliyajibu yote, moja baada ya jingine.

Halafu akatupeleka kwenye mwiritsa, ambao wataalamu wanauita Prunus africana. Gome lake hutumika kutengeneza dawa ya uvimbe wa tezi dume na huuzwa nchi za nje. Ndiyo maana tangu 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Mzee alituonyesha mti uliochunwa kuuzunguka wote, umekauka umesimama. Akaeleza kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome, hivyo ukilitoa pande zote umeikata mizizi na chakula chake. Ukichuna vipande vichache kwa pande zinazokabiliana na kuacha gome jingine, mti unaweza kupona. Binti yangu yuko sekondari na amesoma habari hizi darasani. Alinong'ona kwamba sasa ndipo ameelewa.

Wanyama tuliona bila kuwatafuta sana: mbega weusi kwa weupe wakirukaruka juu, kima, na hondohondo ambao mabawa yao huvuma kiasi kwamba unawasikia kabla hujawaona. Msitu huu una zaidi ya aina 300 za ndege, kwa hiyo beba darubini kama unayo. Asubuhi moja tulipanda kilima cha Lirhanda. Juu pale unauona msitu wote umetandaza vilele vyake, na ubavuni mwa kilima kuna shimo la zamani la wachimba dhahabu ambalo sasa ni makao ya popo.

Nilipenda pia kwamba mafunzo hayakuishia kwenye miti. Tuliambiwa wazi kwamba watu wanaozunguka msitu wanahitaji kuni, dawa na pesa za karo, na kwamba marufuku peke yake haijazi sufuria. Mfano tuliopewa ni kikundi cha wakulima cha Muliru, ambao hulima mmea wa jamii ya kivumbasi na kutoa mafuta yake ya kutengenezea Naturub, dawa ya kujipaka kwa mafua na maumivu ya misuli. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Watoto wa huku wanahitaji kusikia habari za aina hii mara nyingi zaidi.

Yapo yanayohitaji kurekebishwa. Mabango yote katika chumba cha mafunzo yameandikwa Kiingereza, na kwa watoto wa madarasa ya chini hilo ni ukuta. Pia siku moja lilikuja kundi kubwa la wanafunzi likapewa muongozaji mmoja tu. Walio nyuma hawakusikia neno, wakaishia kupigana na vijiti. Naomba sana walimu: mkija, gawanyeni watoto katika makundi madogo na mlipie waongozaji wa kutosha, hata kama itabidi kupunguza gharama ya chakula. Bila mtu wa kuwaeleza, wataona miti tu.

Kabla hujalipa, uliza kama ada ya kuingia msituni na malipo ya muongozaji yamo ndani ya bei ya chumba, maana mara nyingi hutozwa kando. Omba muongozaji mmoja akae nanyi muda wote. Beba gambuti, koti la mvua na sweta la usiku. Lala angalau usiku mbili, na siku ya kuondoka toka kabla ya mchana, wakati bodaboda bado haihangaiki na matope.