USS Olympia, Philadelphia: manowari ya 1892 ambayo bado iko majini

Ukitaka kukanyaga manowari ya chuma cha pua ya karne ya 19 ambayo bado inaelea, nenda Penn's Landing, Philadelphia, kwenye gati la Independence Seaport Museum. Olympia ilishushwa majini San Francisco tarehe 5 Novemba 1892, na hakuna manowari ya chuma cha pua iliyo kongwe kuliko hiyo inayoelea leo. Manowari Mikasa ya Wajapani, ambayo ni changa kuliko Olympia, imezingirwa kwa zege huko Yokosuka.

Usikae sana kwenye minara miwili ya mizinga ya inchi 8. Ile ya asili iliondolewa zamani. Unayoiona ni mfano wa mabati. Panda kwanza daraja la nahodha, ambako zimewekwa alama za nyayo mahali aliposimama Dewey, mkuu wa kikosi cha meli za Marekani, alfajiri ya tarehe 1 Mei 1898, akamwamuru Gridley, nahodha wa Olympia, afyatue mizinga dhidi ya Wahispania pale Manila, Ufilipino. Saa mbili baadaye Dewey alisimamisha mapigano kwa sababu ya taarifa iliyopotoshwa: aliambiwa kila mzinga wa inchi 5 umebakiwa na risasi 15, kumbe 15 ndizo zilizokuwa zimetumika.

Kisha shuka. Ngazi zimesimama karibu wima, kwa hiyo vaa viatu visivyoteleza na acha mikono yote miwili huru. Mabaharia walilala kwenye machela zilizotundikwa kando ya mizinga, na hata vyumba vya maofisa, vilivyopambwa kwa mbao, vina mizinga yake. Utamu wenyewe ni injini mbili za mvuke. Mvuke uleule ulifanya kazi mara tatu: uliingia silinda ndogo ukiwa na shinikizo kubwa, ukapita ya kati, ukamalizia kwenye kubwa kuliko zote, kisha ukapozwa ukawa maji ya kurudishwa kwenye boila. Ndiyo maana silinda hazilingani. Katika majaribio meli ilizidi maili 21 za baharini kwa saa.

Ngao ya meli hii haikuwa ubavuni. Ni sitaha iliyopinda ndani, unene wa inchi 2 katikati na hadi inchi 4¾ kwenye miteremko, ikifunika injini. Ubavuni yalitegemewa makaa ya mawe yaliyorundikwa ghalani. Ubavu wenyewe ni bamba jembamba, na hapo ndipo penye ugonjwa. Olympia haijaingia chelezo, yaani gati la kutolea meli majini ili itengenezwe, tangu 1945. Pale maji yanapokutana na hewa, chuma hulowa na kukauka kila maji yanapotikisika, na kutu hula haraka kuliko chini kabisa. Kuna sehemu ambazo bamba limebaki unene wa milimita 3 hivi, au pungufu. Simama gatini utazame mstari wa maji: viraka ni vingi mno. Viraka huzuia maji kuingia, lakini huwezi kukwangua na kupaka rangi ubavu ulio chini ya maji bila kuitoa meli majini, na kadiri bamba linavyopungua ndivyo safari ya kwenda chelezoni inavyozidi kuwa ya hatari. Kazi hiyo inahitaji mamilioni ya dola, na haifai kuahirishwa tena.

Tenga saa mbili. Nyambizi Becuna, ya Vita Kuu ya Pili, imefungwa jirani. Ukifika uliza kama siku hiyo kuna ziara ya kuongozwa ya vyumba vya chini, maana penye boila ndipo meli hii inapoeleweka.